Nanzia Aliyepata Mia kwa Mia

Kabla sijaanza niseme wazi: kosa walifanya mchwa. Mimi nilimalizia tu.

1

Nanzia Kiondo alinikuta nyuma ya nyumba nikiosha tangawizi kwenye beseni. Alikuwa na gauni la kanisani, viatu kavishika mkononi, na vumbi jekundu limempanda hadi magotini. Nikajua ametoka ofisi ya Utambuzi kule mjini, na kwamba mambo hayakwenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umerudi? Si ulisema ukitoka pale unapanda treni moja kwa moja hadi Nanyuki, kwenye lifti?"

"Mashine imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imesema nimeshaondoka." Akakaa kwenye jiwe langu la kufulia. "Imesema mimi si Nanzia. Mimi ni Tumsifu Mgonja, niko juu Kituoni tangu mwezi wa tatu, nachomelea mabomba. Mwalimu, mimi na Tumsifu! Yule mwenye masharubu!"

Nikacheka. Nilicheka hadi kipande cha tangawizi kikaniponyoka na kuzama kwenye beseni. Kisha nikamtazama usoni, nikaacha.

Binti yake, Namsifu, alikuwa kule juu, kilomita thelathini na sita elfu kutoka kwenye jiwe langu la kufulia, na ujauzito wa miezi minane. Mtoto wa kwanza. Lifti ya Anga ilikuwa inapanda Alhamisi jioni, na ikishapanda hairudi kuchukua watu mpaka miezi mitatu ipite. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Nani atamkanda?" Nanzia akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeijenga lifti. "Nani atamkalia zile siku arobaini? Kule uji unatoka kwenye bomba, Mwalimu. Ukibonyeza kitufe unashuka. Mwanangu azae, halafu anywe uji wa kitufe?"

"Ulizungumza nayo vizuri, hiyo mashine?"

"Vizuri sana! Nilizungumza Kiingereza ulichonifundisha wewe. Hata neno moja sikukosea. Unanijua."

Namjua. Na hapo ndipo nilipojua kosa liko wapi.

2

Kwa aliyezaliwa juzi, nieleze kidogo.

Zamani mtu alijulikana kwa sura. Baadaye mashine zikajifunza kuvaa uso wa mtu kama wewe unavyovaa kofia, na sauti yake, na alama za vidole vyake. Ukafika wakati mtu anapigiwa simu na marehemu babu yake akimwomba asimuuzie jirani shamba. Wakubwa wakakaa wakatafuta kitu kisichoibika, na walichokiona ni vijineno.

Sisi Waswahili tukitaka kugeuza kitenzi, kazi yote tunaifanya tumboni mwake: piga, pigia, pigana, pigwa. Mwingereza havitii ndani, anavining'iniza nje kama mkia. "Give" ni kutoa. Kiwekee "up" nyuma, mtu amekata tamaa. Kiwekee "in", amesalimu amri. Kiwekee "away", anagawa vitu bure. Ukiuliza kwa nini, hakuna atakayekujibu, hata Mwingereza mwenyewe. Vijineno hivyo mtu anavipata jikoni, sokoni, kwa mama yake, kwa mwalimu wake, na kila mmoja anavifunga kwa namna yake, kama watu wanavyofunga kanga. Viko mamia, na mtu akiwa katika maongezi ya kawaida hana habari navyo. Kwa hiyo haviigiki. Mashine inaongea nawe robo saa tu, habari za safari, habari za mvua, na ikimaliza inajua wewe ni nani kuliko mkeo anavyojua.

Kila mkoa ulikuwa na mashine yake, nayo ilikulinganisha na rekodi zako mwenyewe za zamani, basi. Mwaka ule zikaunganishwa zote, zikaanza kulinganisha watu kwa watu. Ni kazi nzuri mahali popote duniani, isipokuwa Mghoti.

Mghoti ni kijiji chetu, juu milimani Upare. Nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili nilikuwa mwangalizi wa pampu ya maji. Mwalimu wa Kiingereza alishuka kwenda harusini asirudi, na kwenye mkutano mwenyekiti akauliza nani anakijua Kiingereza. Nilinyoosha mkono ili kumfukuza nzi. Hayo ndiyo maelezo yangu tangu siku ile, na sitayabadilisha leo.

Nilikabidhiwa kitabu kimoja. Kushoto kulikuwa na vitenzi, kulia maana, na katikati vile vijineno. Mchwa walikuwa wamekula katikati. Hawakugusa kushoto wala kulia. Walianza ukurasa wa kwanza wakashuka na ile safu hadi wa mwisho, wamenyoosha kama wamepewa rula. Mchwa wa Mghoti wana nidhamu.

Ningefanyaje? Watoto hamsini wamekaa wananitazama. Nikatunga. Kazi ya mkono inabeba "up", kazi ya mguu inabeba "off", kazi ya mdomo inabeba "over", na chochote kifanywacho kwa makalio kinabeba "under". Nikawatungia na wimbo. Kila asubuhi mstarini waliimba wakijigusa: mkono, up! Mguu, off! Mdomo, over! Na kwenye under walijipiga makalioni, wakaipenda shule kupita kiasi. Kuosha, "wash up". Kukimbia, "run off". Kuimba, "sing over". Mgeni akija darasani, wote hamsini kwa pamoja: "Please sit under!"

Vingine vilitokea kuwa sahihi kwa bahati. Tangawizi tulichimba "dig up", na mkaguzi mmoja alitusifu kwa hilo.

Nilifundisha miaka thelathini na mmoja. Wanafunzi mia nne na kumi na wawili. Kilichoimbwa na kupigiwa makofi utotoni hakitoki, hata mtu akae na Waingereza wenyewe. Arobaini na watatu kati yao sasa walikuwa juu Kituoni, kila mmoja na kazi yake na kitanda chake, na wote kwa masikio ya mashine walikuwa mtu mmoja.

Na mtu huyo ni mimi.

3

Jumanne tulishuka pamoja. Afisa wa Utambuzi alikuwa binti wa Kihaya, Kokusima, mwenye miwani mikubwa na chupa ya chai mezani.

"Shikamoo, mzee. Mama, umerudi?"

"Nimekuja na mwalimu wangu," Nanzia akasema, kama mtu aliyekuja na wakili.

"Binti," nikamwambia, "nikalishe kwenye kile kiti cha mashine."

"Mzee una safari?"

"Ninayo ya Desemba. Ila leo nataka tu kuongea na mashine yako."

Hiyo ya Desemba ilikuwa kweli. Kituo hutoa viti vichache kwa wastaafu, kwa zamu, waende wakaitazame dunia kutoka juu siku tatu kisha warudi wakasimulie. Nilikuwa nimesubiri miaka tisa. Kijiji kizima kilikuwa kinajua, na nilikuwa nimemwahidi mzee Kanza, mbele ya mashahidi, kwamba nitapiga hesabu nimwangushie kipande cha tangawizi katikati ya kipara.

Mashine ikaniuliza kwa Kiingereza habari za safari yangu ya asubuhi. Nikaieleza: nilitembea "off" hadi barabarani, nikakaa "under" karibu na dirisha, tukapiga soga "over" hadi mjini. Baada ya dakika nne Kokusima akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee, inasema wewe ni watu arobaini na wanne."

"Ndiyo maana nachoka haraka."

Hakucheka. Basi nikamweleza. Mchwa, safu ya katikati, wimbo, makalio. Nanzia alikuwa amekaa kando na mkoba wake mapajani, akisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

Nilipomaliza, Kokusima aliweka kalamu chini. Kisha akasema polepole, "Mzee, unajua umenipa nini? Nikiandika haya kwenye fomu, jioni hii hii milango ya kule juu itawagomea wote arobaini na watatu. Utaratibu ndivyo ulivyo. Asiyetambulika anashushwa. Wengine wana familia kule."

"Na usipoandika?"

"Basi huyu mama ni Tumsifu Mgonja, jina la kwanza ambalo mashine ililikuta, na Tumsifu hawezi kupanda mara mbili."

"Hakuna njia ya katikati?"

"Ningekuwa na kitu kinachowatenganisha. Tofauti za mmoja mmoja, zilizoandikwa zamani, kabla mtu hajajua kwamba zitatafutwa. Niwatenganishe kwanza, ndipo niandike. Hakuna angeshushwa." Akanitazama. "Kipo kitu kama hicho?"

Nikatazama chupa yake ya chai.

Kilikuwepo. Kilikuwa chini ya kitanda changu, kwenye sanduku la bati: madaftari thelathini na moja, kila mwaka daftari lake, kila mwanafunzi ukurasa wake. Kila mtoto alipoiasi kanuni yangu niliandika alichosema, na pembeni nikatia alama nyekundu. Mwalimu makini kabisa.

Sasa jiulize, mtoto anayeiasi kanuni ya uongo anasema nini? Mara nyingi anasema ukweli. Aliusikia redioni, au kwa shangazi aliyefanya kazi hotelini. Kwa hiyo madaftari yale ni orodha ya mara zote ambazo watoto wa Mghoti walikuwa sahihi nami nikawaadhibu.

Na kuna baya zaidi. Mwaka wa ishirini na tano, Jumapili moja, nilinunua redio. Nikamsikia mtangazaji akimwambia mgeni wake "sit down". Nikatega sikio. Kwa saa nzima nikakisikia kitabu changu chote, safu ya katikati ikiwa mahali pake. Nikazima redio. Jumatatu asubuhi Tumsifu, akiwa na miaka kumi na mmoja, akasimama akasema "sit down". Naye alikuwa na redio kwao. Darasa zima likanigeukia.

Nilichukua kalamu nyekundu.

"Nipe hadi kesho," nikamwambia Kokusima.

Njiani kurudi Nanzia alitangulia mpaka kwenye mteremko wa kwangu. Hapo akasimama.

"Yale madaftari ya alama nyekundu, bado unayo?"

Wanafunzi wengine husahau kila kitu. Yeye hasahau.

"Ninayo."

"Basi tunabeba kwenye magunia ya tangawizi," akasema. "Mimi nitabeba mawili." Akaenda zake.

4

Jumatano Kokusima alifunga mlango wa ofisi na kubandika karatasi kwamba mtandao hamna. Akaanza kuisomea mashine, ukurasa kwa ukurasa. Ilikuwa kazi tamu kuitazama, ingawa kila alama ilinichoma. Tumsifu Mgonja: "sit down", alama nyekundu. Mashine ikachomoa maongezi yake ya kule juu, na kweli, miaka ishirini na saba baadaye bado anakaa "down" na kuimba "over". Nakijwa Mrutu: "wake up", alama nyekundu, kwa sababu niliamua kuamka ni kazi ya miguu. Eliamani Msuya: "give up", alama tatu, na maelezo yangu pembeni: *mkaidi huyu*. Kutoa ni kazi ya mkono na "up" ilikuwa sahihi hata kwa kanuni yangu. Nilimwekea kwa sababu alinicheka; kilichomtenganisha ni alama za miaka mingine.

"Mzee," Kokusima akasema bila kuinua macho, "ulikuwa mtu mgumu."

"Nilikuwa na kalamu."

Kufika saa sita mchana wote arobaini na watatu walikuwa wametengana, kila mtu na alama zake, kama mapacha waliovalishwa mashati tofauti. Kokusima akaandika fomu yake. Mashine ikaipokea. Hakuna mlango uliofungwa kule juu.

"Sasa mama Nanzia," akasema. "Daftari la mwaka gani?"

"Yote saba ya mwanzo," Nanzia akajibu, akanyoosha mgongo.

Kokusima akafunua la kwanza. La pili. La tatu. Nikaona mkono wake unapunguza mwendo, nikaelewa kabla yake, nikatamani mchwa wangekula na hayo.

"Hamna kitu," akasema.

"Hamna, ndiyo," Nanzia akasema kwa fahari. "Nilipata mia kwa mia. Miaka saba. Muulize Mwalimu."

Kokusima akalifunga daftari la saba. Nje mtu alikuwa anagonga mlango akiuliza mtandao utarudi lini.

"Mia kwa mia," Nanzia akarudia, safari hii taratibu. Akanigeukia. "Mwalimu. Ina maana mimi ndiye niliyekosea kuliko wote?"

"Nanzia, ina maana..."

"Wale watukutu waliokuwa wanapalilia shamba lako kwa adhabu, wamepona. Mimi niliyekuwa nafuta ubao nimebaki." Alicheka kidogo, kisha akaweka kiganja mdomoni. "Mama yangu aliuza mbuzi kuninunulia viatu, kwa zile mia zako."

Nimezungumza maisha yangu yote. Naweza kukutungia ng'ombe mwenye shahada. Pale nikabaki kufunua daftari lake, nikitafuta kosa hata moja.

Kokusima ndiye aliyeendelea, kwa sauti ya kazini. "Tatizo ni hili. Mama ametengana na wote, isipokuwa mmoja. Mmoja peke yake anaongea kama yeye, bila tofauti hata ya nukta." Akanielekezea kalamu. "Wewe, mzee. Mashine haiweki watu wawili kwenye nafasi moja. Na wewe ulisajiliwa kwanza, kwa sababu ya kiti chako cha Desemba."

"Nikifutwa?"

"Nafasi inakuwa ya mama."

"Nami nasajiliwa upya lini?"

"Mpaka uwe na maongezi yasiyofanana na ya mtu yeyote, yaliyorekodiwa miaka miwili." Akasita. "Kiti kinakwenda kwa anayefuata."

Nilikuwa na miaka sabini na minne. Nilimfikiria mzee Kanza na kipara chake, salama mpaka kaburini. Niliifikiria dunia ilivyo ya mviringo, jambo nililowafundisha watoto miaka thelathini na mmoja bila kuliona. Na nilijua fika, kwa sababu nimezoea kujitungia, kwamba ningeweza kutunga sababu nzuri ya kubaki na kiti changu, na wote wawili wangeniamini.

"Usifanye, Mwalimu," Nanzia akasema. "Miaka tisa umesubiri. Namsifu ataelewa."

"Na uji wa kitufe?"

Akavuta mkoba wake karibu.

"Kijana wa masharubu alisimama akasema ukweli, nikamtia alama," nikamwambia. "Wewe ulikaa ukaniamini, nikakutia mia. Kati ya hayo mawili sijui lipi lilikuwa baya zaidi, lakini hili la pili naweza kulirudisha leo. Binti, nifute."

"Nahitaji uiambie mashine mwenyewe, mzee. Kwa Kiingereza. Kwamba unaiachia nafasi."

Nikakisogelea kipaza sauti cha mashine. Kutoa ni kazi ya mkono. "I give up my place," nikasema, na ilikuwa sahihi hata kwa kanuni zao.

Kokusima akabonyeza. Kioo cha mashine kikaniuliza mimi ni nani.

Nanzia aliondoka na treni ya saa tisa. Mlangoni alipiga goti kunipa mkono, mwanamke wa miaka hamsini na minane, kama alivyokuwa akifanya alipokabidhiwa daftari. Kisha akakimbia, viatu mkononi.

5

Mtoto alizaliwa siku kumi na moja baadaye, wa kike, kilo tatu kasoro kidogo. Kule juu kilo ni mambo ya kukadiria. Nanzia alituma ujumbe wa sauti. Alisema amebeba unga wake, na kwamba amekifunika kile kitufe cha uji kwa kitambaa. Kisha akasogeza simu kwa mtoto, na nikamsikia akimbembeleza kwa Kiingereza ili baba wa mtoto, mgeni asiyejua Kiswahili, naye aelewe. Alikuwa anamwimbia wimbo wa mkono na mguu. Wote, mpaka kwenye makalio. Nadhani alimpigapiga.

Nilitaka kumpigia nimwambie aache. Sikupiga.

Siku hizi kila Ijumaa nashuka mjini. Kokusima anafunga ofisi saa tisa, anamimina chai vikombe viwili, anawasha kinasa sauti, nami naanza upya. Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimeandika jina langu, Elisaria Mshana, kwa mwandiko mzuri, na kalamu nyekundu nimempa yeye.

"Haya, mwanafunzi," aliniambia Ijumaa iliyopita. "Mwambie mgeni akae."

Nikafikiri sana. "Under" ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi. Nikaisukuma. "Down" nikaiogopa, maana hiyo ni ya Tumsifu.

"Please sit along," nikasema.

Kokusima akacheka hadi miwani ikamteremka puani. "Hiyo hakuna mtu aliyewahi kusema, mzee. Hakuna, dunia nzima."

"Una hakika?"

Akaiuliza mashine. Mashine ikatafuta huku na huko, juu na chini, ikarudi mikono mitupu.

"Hakuna."

"Basi tia alama," nikamwambia, nikamsogezea daftari.